Kaka Lonnie, Uliyenyimwa Dawa Siku Ishirini na Tatu

Mwaka umetimia, Lonnie, tangu Jumapili ile ulipoingia bafuni kunawa mikono kabla ya chakula, na hukutoka.

Ninaandika mimi, dada yako Charlene, kwa niaba ya wote. Mama alishika kalamu, akaandika jina lako mara mbili, akanirudishia karatasi. Baba alisema tu, "Andika ukweli. Usiandike kwamba alilala usingizi wa amani." Basi naandika ukweli, na nikisikika nimekasirika, ni kwa sababu nimekasirika.

Ulikuwa na miaka thelathini na tisa. Kwa miaka kumi na mmoja ulikuwa fundi wa laini za umeme, na kila barafu ilipoangusha waya katika mabonde haya yetu ya Kentucky, wewe ndiye uliyepanda nguzo, ukipiga mluzi huko juu. Kila mtu ulimwita bosi: mchungaji bosi, hakimu bosi, hata fahali wa jirani bosi. Bibi Thelma wa ng'ambo ya kijito anasema hajapata tena mtu wa kumtengenezea ngazi za baraza bila kuombwa.

Ulipoanguka kutoka nguzoni ukaumia mgongo, daktari alikuandikia vidonge vya maumivu, akaviandika tena, na tena. Kisha siku moja akaacha ghafla. Tulikuona ukitetemeka na kutapika tukadhani ni mafua. Kumbe ni arosto, mateso ya mwili unaodai dawa uliyoizoea. Hata neno lenyewe hatukulijua. Ukaanza kununua vidonge mitaani, vimechapwa vizuri kama vya duka la dawa, lakini ndani ni fentanili, dawa kali mno ya maumivu, iliyochanganywa na mtu asiyejali ametia kiasi gani. Kidonge kimoja kinatuliza mgongo. Kingine, kutoka mfuko huohuo, kinakata pumzi.

Mara ya kwanza tulikukuta ndani ya gari lako nje ya duka la mbao, midomo imekuwa ya zambarau. Muuzaji alikuja mbio na dawa ya kupuliza puani, naloksoni, akakupuliza, akakupa pumzi mdomoni mpaka ukafumbua macho. Ukanitazama.

"Charlene, mbona unalia kama nimekufa?"

"Ulikufa, mjinga wewe! Ulikufa!"

Wiki hiyohiyo ukakubali kwenda kliniki, saa moja na nusu kuvuka mlima, kila Alhamisi. Muuguzi Marva alikupa kikaratasi chembamba cha dawa cha kuyeyusha chini ya ulimi kila asubuhi, na kiti katika kikundi cha mazungumzo. Alitueleza bila haraka kwamba dawa ile haimlevyi mtu anayeitumia inavyotakiwa. Inamwondolea arosto na uchu, ili apate nafasi ya kuishi.

"Ataitumia mpaka lini?" Mama aliuliza.

"Mpaka atakapokuwa haihitaji. Huenda ni miaka. Msimkatishe ghafla, hapo ndipo tunapowapoteza."

Ulitumia miezi kumi na minne, na ulirudi kwetu, Lonnie. Ulinenepa. Ulipata kazi ya kutengeneza mabasi ya shule. Ulimfundisha binti yako Shelby kuendesha gari kule malishoni, akagonga uzio, ukacheka mpaka ukakaa kwenye majani.

Lakini watu hawakukuacha. Kanisani tulisikia mtu akinong'ona, "Teja ni teja tu." Na nyumbani, mezani, Baba alikwambia, "Umeacha ulevi mmoja ukashika mwingine. Mwanamume anaacha, basi."

Wewe ukasema taratibu, "Sawa, bosi. Na wewe insulini yako ya kisukari utaiacha lini?"

Mama alicheka, akajifunika uso kwa kitambaa cha meza. Baba alitoka nje, akapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Marva alitupatia vichupa viwili vya naloksoni, ile ya kupuliza puani. Baba akakataa. "Kidude hicho hakiingii kwangu. Ni kama kumwambia tunangoja ashindwe." Sikutaka ugomvi, nikaviweka garini mwangu. Baba ameniambia nilitaje hili, kwa jina lake, na nisilipambe. Hobert Estep ndiye aliyekataa. Nami naongeza langu: Charlene Estep ndiye aliyenyamaza.

Kisha polisi walikukamata. Hukuwa na kosa jipya. Ni hati ya zamani ya kukamatwa, ya siku uliyokosa kufika mahakamani kabla hujaanza tiba. Nilikwenda mahabusu ya kaunti na dawa yako na barua ya kliniki. Askari wa dirishani hakuifungua.

"Dada, hapa hatugawii watu madawa ya kulevya."

"Ni dawa ya hospitali. Soma, jina lake hili hapa."

"Atatoka jasho wiki moja. Wote wanapona."

Nilirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Nilipiga simu kwa kila mtu mwenye cheo na simu. Ulipokuja kwenye kioo cha wageni, mashavu yamebonyea, uliniambia, "Bosi, sijalala siku sita. Waambie wanipe hata nusu." Niliwaambia, Lonnie. Mungu anajua niliwaambia.

Siku ishirini na tatu. Walikuachia Ijumaa alasiri. Nilipigia kliniki kabla hata hatujatoka kwenye maegesho. Sauti ngeni ikanisomea kwamba aliyekosa miadi mitatu huanza upya, na nafasi ya karibu ni Jumatano.

"Hakukosa! Alikuwa amefungwa!"

"Ninaelewa, mama. Jumatano saa nne."

Marva alilia alipopata habari. Angekupokea jioni ileile, kama angeambiwa. Ndiye aliyetueleza ambalo hakuna aliyekueleza ulipokuwa unatoka: mwili uliokaa wiki tatu bila kitu husahau. Kiasi ulichokuwa ukikimudu zamani sasa kinatosha kukuua.

"Nitajikaza," ulisema Ijumaa. Ulijikaza Jumamosi yote, umejikunja kwenye kochi huku Shelby akikushika miguu. Jumapili mimi na gari langu tulikuwa kazini, na naloksoni ndani yake. Mama alikuwa anatoa mkate wa mahindi kwenye oveni aliposikia kishindo bafuni. Baba alivunja mlango. Alikukandamiza kifua dakika thelathini na moja, mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na ilibidi wamshike mikono ndipo akuachie.

Tulichoka kusikia, "Ni mapenzi ya Mungu." Ni dirisha la mahabusu, ni simu ya kliniki, ni meza yetu wenyewe.

Baba alipasua kuni mpaka majira ya baridi yalipokwisha. Kisha akaenda kwa Marva peke yake, akarudi na sanduku zima la naloksoni. Mwezi Mei, nje ya duka la chakula cha mifugo, alimkuta binti wa watu ameanguka kando ya gari. Alimpuliza puani, akampa pumzi, akampuliza tena. Binti akaamka akamtukana matusi yote anayoyajua. Baba alipofika nyumbani alikaa garini, injini inawaka, nikamfuata.

"Ameamka, Charlene." Akazima injini. "Ni rahisi hivyo. Ni rahisi hivyo, na mimi nilikataa."

Tangu hapo, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, anavaa koti la kanisani na kwenda kwenye kikao cha kaunti. Anasimama anaomba jambo moja: aliye kwenye tiba akiingia mahabusu, apewe dawa yake, na akitoka apelekwe kliniki siku hiyohiyo. Mara tano wamemjibu kwamba wataliangalia. Mara ya sita mwenyekiti alivua miwani.

"Bwana Estep, hili ulitueleza mwezi uliopita."

"Ndiyo. Na mwezi ujao nitaeleza tena. Ninyi mna ajenda. Mimi nina hili tu."

Hawajabadilisha kitu, Lonnie. Hatuandiki kukudanganya. Jumanne ijayo tunakwenda wote, na Marva ameomba ruhusa kazini ili naye aje.

Unakumbukwa na baba yako Hobert, mama yako Opal, binti yako Shelby, mimi dada yako Charlene, na Bibi Thelma wa ng'ambo ya kijito. Hatutakusahau, kaka, na wakubwa wa kaunti hatutawaacha wakusahau.