Buni za Kufuturia

Mdogo wangu Mwanaidi,

Salamu kutoka Nyakahanga. Lipo jambo nimekuficha tangu nihamie huku Karagwe, na kifua changu hakinipi tena nafasi ya kungoja.

Tende zako zimefika, lakini mimi hufuturu kwa buni za kahawa. Huku mgeni hupewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune. Akikataa, ni kama amemshuku mwenyeji wake kwa sumu. Ramadhani yangu ya kwanza nilimtembelea mchana mjane Mkristo, Kokugonza, akanipa. Nikazifumbata mkononi hadi magharibi. Akacheka: "Mswahili, mkono umeshiba, tumbo je?"

Siku hizi siwezi kutoka nje, kwa hiyo Kokugonza husimama migombani kunitazamia jua, kisha huniletea buni na ndizi za moto. Jana aliniambia, "Kula, mzee. Jua limekwenda, wewe usilifuate."

Najua unanitaka nije nife Pangani. Usinitandikie kitanda, mdogo wangu. Mola akupe afya na saumu njema, nawe umwombee Kokugonza. Ni wifi yako tangu Ramadhani ya pili.

Kaka yako