Kitabu Chako Hakisemi Kwamba Ulikula

Mpendwa Dada Zuhura,

Kabla hujafungua mdomo tuelewane jambo moja: kitabu chako nimekiandika mimi. Wewe ulishika kalamu tu. Kutoka Kitisuru kwa wenye mali mpaka kwetu Kinoo, hakuna kijana aliyeisaidia sayansi kama mimi, na madaktari wa huko ng'ambo wangekuwa na adabu, jina langu lingetangulia lako. Badala yake naona umeniita "kijana wa nyumba hiyo". Mimi Wekesa mzima, nyumba hiyo!

Kimefika salama. Nilidhani kitakuwa kinene kama Biblia, kumbe ni chembamba kama kadi ya kliniki, lakini jina lako liko juu na hilo linatosha. Nimekipeleka Adams Arcade ninakoosha magari, nikakiweka juu ya boneti ili kila mwenye gari akione. Kiingereza nakijua chote, ila kuna maneno machache yananipita, na wewe hayo machache umeyatumia yote. Ikabidi karani wa duka la dawa anisomee saa ya chakula. Si unakumbuka nilifika darasa la saba, na walimu wakanipenda hata wakaniomba nilirudie? Basi karani alisoma, mimi nikawa namweleza maana.

Ndani ya bahasha uliweka na kikaratasi: "Baba anaendeleaje? Bado anakula?" Nimekiona. Nitakujibu, usinikimbize.

Unakumbuka ulivyomkuta? Mtu aliyewapikia wazungu Kitisuru tangu kabla ya uhuru. Uhuru ukaja, wakakaa miaka michache, kisha wakafunga mizigo wakaenda kwao. Naye akarudi kwetu na aproni yake na visu vyake, akakaa. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alikaa tu, hapiki, hasemi. Ukimwekea chakula anakitazama kama barua ya mtu mwingine. Majirani walisema karogwa. Kliniki walisema ni ugonjwa wa mawazo. Ndipo ukaja wewe na kigari chako cha kijivu, mtandio kichwani na mizani kwapani, ukasema unachunguza kama chakula cha mtu na mawazo yake vinajuana.

Mama akakuuliza, "Sasa unataka kupima mzee ama kupima sufuria?"

"Vyote viwili, mama, mkiniruhusu," ukajibu kwa kile Kiswahili chako cha Mombasa kilichopigwa pasi.

"Haya. Lakini chakula yetu haijawahi kupimwa. Huwa inaliwa."

Ulitaka kuona tunavyokula siku zote. Ulisema hivyo, nakumbuka, tena mara mbili: "Msinipikie kitu maalumu." Mama akaitikia vizuri sana, "Hakuna shida, binti yangu," na ulipoondoka tu akaanza kutafuta kuku. Kwani ulitegemea nini? Kwetu Bungoma tulikotoka, mgeni akiingia na kuku wote wakalala salama, afadhali ungemfungia mlango. Na kwa kuwa wewe ni Mwislamu, kuku hakuweza kuchinjwa na mtu yeyote tu. Nilimpakata kila Jumatano, siku yako ya kuja, asubuhi mpaka Kangemi, kwa yule maalim wa Lamu mwenye duka la sukari na mafuta ya taa.

"Wewe kijana," aliniuliza siku moja, "nyumba yenu ina harusi ngapi?"

"Si harusi, maalim. Ni utafiti."

"Basi Mungu auzidishe. Sikujua sayansi inakula hivi."

Sasa nikwambie kitu ambacho hukukiona, maana ulikuwa bado uko njiani unakuja. Ile Jumatano ya kwanza mama alikuwa anakata vitunguu, na baba amekaa pale pake. Mara tukasikia sauti: "Hicho kitunguu unakikata ama unakiadhibu?" Mama akageuka. Alidhani ni mimi, akanitandika na mwiko. Baba akainuka, akamnyang'anya kisu, akapika mwenyewe. Mama akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba, na alipokunywa ile chai yako ya kwanza pamoja nawe macho yake yalikuwa mekundu. Ulimuuliza kama anaumwa. Akasema ni kitunguu.

Halafu ile mizani. Dada, ulitutesa. Ugali kwenye mizani, mboga kwenye mizani, paja la kuku kwenye mizani, na baba amesimama mikono nyuma kama yuko Kitisuru bado, anasema polepole, "Chakula inapoa, mwanangu." Na wewe, "Bado kidogo tu, baba." Kila wiki maneno yaleyale. Ukimaliza kupima unamuuliza, "Wiki hii moyo wako ulikuwaje?" naye anakujibu, "Kula kwanza."

Na hapo ndipo nilipogundua siri yote ya sayansi, mimi mwenyewe, bila kusomeshwa na mtu. Kwetu mgeni haachwi akila peke yake. Mwenyeji akitoa mkono kwenye sahani, mgeni atajua amefukuzwa. Basi baba hakuthubutu kuacha kula mpaka wewe uache. Na wewe, kwa malezi yenu ya Pwani, uliona aibu kuacha kabla ya mzee. Anakula kwa ajili yako, unakula kwa ajili yake. Nilikuwa nawatazama ninyi wawili, kila mtu ameshiba mpaka jasho, kila mtu anaongeza tonge kwa adabu. Mama ananikanyaga mguu nisicheke. Kitabu kinasema mgonjwa aliongezeka uzito. Na wewe je? Ile sketi ya bluu uliacha kuivaa kwa sababu gani? Hilo hukuliandika.

Wala hukuandika habari ya firigisi. Wewe hukujua maana yake wakati ule, acha nikwambie. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mimi nimeishi miaka yote hii sijaionja, na nimejaribu kuiba. Siku ile uliiweka kwenye mizani kama nyama nyingine, baba akanyoosha mkono, akaitoa, akaiweka kwenye sahani yako.

"Baba, sijaipima," ukasema.

"Hii haipimwi. Hii inapewa."

Mama akashika mdomo. Wewe ukaila bila habari, ukasema ina chumvi kidogo. Baba akacheka, dada. Alicheka mpaka akajipangusa na aproni. Usiku ule alimweleza mama habari za Kitisuru, keki zilizoanguka, mabwana waliolewa chakari, na mimi nilijifanya nimelala ili asiache.

Sasa kitabu chako kinasema watu wenye mawazo mazito wakipata maharagwe, mboga, maziwa na nyama ya kutosha, usingizi unarudi na moyo unachangamka. Karani wa dawa alikubali kabisa, akataka kuniuzia vidonge vya damu. Sibishani nawe, umesoma kuliko mimi, ingawa si sana. Ila maharagwe tulikuwa nayo siku zote. Yalikuwa mezani Jumatatu, yalikuwa mezani Ijumaa, na baba akiyatazama tu. Wewe uliona Jumatano, ukadhani ndiyo wiki.

Jana nimemsomea. Nilimfasiria chote kwa Kiswahili, na pale nisipojua niliongeza vyangu, kikawa kizuri zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza neno moja: "Ameandika kwamba yeye naye alikula?"

Nikapekua. Kuna gramu, kuna mboga, kuna usingizi. Nikamwambia, "Vitabu vya madaktari haviandiki mambo kama hayo, baba."

Akasema, "Basi hajamaliza."

Dada Zuhura, nimekuzungusha Kangemi na Adams Arcade nikilikwepa swali lako, na karatasi inaniishia. Siku ile ya mwisho ulituambia kupima kumekwisha. Ulisema kwa heshima, ukatushukuru mmoja mmoja, ukampa mama kanga. Nasi tulisikia ulivyosema: kupima kumekwisha. Baba alifurahi kuliko sisi sote. Alisema sasa mtoto atakula chakula kikiwa moto. Jumatano iliyofuata akanituma kwa maalim na jogoo, si kuku. Tukangoja. Mama akasema labda kigari kimeharibika. Jumatano nyingine baba akapika tena, akasimama mlangoni na aproni yake. Na nyingine tena. Wewe ulijua umeaga; sisi tulijua umezoea. Sikulaumu, na wewe usinilaumu, maana hakuna aliyesema uongo.

Uwe na afya huko uliko, usomwe na wakubwa, na watu wakuinukie ukiingia. Umestahili. Kitabu kinasema alipona, na ni kweli alipona, nilimwona kwa macho yangu. Lakini umeuliza kama bado anakula. Hapana, dada. Hapiki tena, na ukimwekea anatazama tu.

Mdogo wako,
Wekesa