Jiko la Mardhiya

Kerege, 6 Juni 1955

Kwa kaka yangu mpenzi Bwanaheri,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi Mina na wote waliomo nyumbani. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila miguu imevimba kidogo kwa kutembea. Haji wa lori ndiye atakayekupa barua hii mkononi.

Kaka, nina haja nawe, na haja yenyewe ni ya kazi yako. Unajua kwamba tangu nilipoacha kuuza vitumbua natembea vijijini kuwaeleza wanawake habari za chama cha kudai uhuru na kuwapa kadi. Juzi nililala kwa mama mmoja huku ndani. Alinipikia wali na samaki, tukala, tukazungumza. Nilipoondoka tu, jumbe wao alimwita barazani na kumtoza mbuzi kwa kumlisha mchochezi. Mbuzi mwenyewe ndiye aliyekuwa akikamuliwa maziwa ya mjukuu wake. Habari hiyo ilinifika njiani na sikuweza kula tena siku ile.

Sasa nimekata shauri. Siingii tena jikoni mwa mtu. Nitabeba chakula changu na moto wangu. Lakini jiko gani? Nimefikiri sana. Jiko la mkaa ni zito, na mkaa nitaupata wapi porini? Primasi ni nzuri, lakini inataka mafuta ya taa, na huko mbele maduka ni ya kutafuta. Tena ikiziba, imekwisha. Mafiga matatu yanataka mawe, na huku pwani ni mchanga mtupu, upepo unakula moto wote pembeni. Nataka jiko dogo la kuni, linalokunjwa likawa bapa kama kitabu, nilitie kikapuni chini ya nguo. Liwe linakula vijiti na makumbi, vitu vya kuokota. Wewe ndiye fundi bati. Nitengenezee.

Msalimu sana wifi.

Ni mimi mdogo wako,
Mardhiya


Bagamoyo, 19 Juni 1955

Kwa mdogo wangu Mardhiya binti Alawi,

Marahaba. Barua yako imefika, na sisi huku wazima. Mina alikuwa na homa, sasa imemtoka.

Nimeisoma haja yako mara mbili. Jibu langu ni kwamba sitatengeneza. Wewe unajua mimi nakula wapi. Ndoo za ofisi ya serikali nafua mimi, taa zao naziba mimi, na mifereji ya bati ya nyumba za wakubwa ni mkono wangu. Leo nikutengenezee jiko la kwendea kuwatukana, kesho nifungue mlango wa karakana nimngoje nani?

Wewe ni mwanamke mtu mzima, umeolewa, umeachika, umejitafutia riziki yako bila kumtegemea mtu. Hayo nayajua na sikulaumu. Lakini kulala porini na kadi kikapuni, mtoto wa mzee Alawi, watu wa mjini wananiuliza msikitini nami sina la kuwaambia.

Rudi nyumbani. Chumba chako kipo. Chuma chako cha vitumbua Mina amekipaka mafuta kisishike kutu.

Kaka yako,
Bwanaheri


Karibu na Kerege, 2 Julai 1955

Kwa kaka Bwanaheri,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia wifi amepona. Mimi ni mzima, ila mguu mmoja umeungua.

Kaka, sikukuomba ruhusa. Nilikuomba jiko.

Basi nimejitengenezea. Nilipata debe la mafuta ya taa, nikalikata kwa panga, nikalitoboa kwa msumari. Kiganja kimekatika lakini kinapona. Jiko lilipika siku chache, kisha bati likalegea kwa moto, upande mmoja ukainama, sufuria ya uji ikanimwagikia mguuni. Tena halikunjiki, linanitangulia likigongagonga mpaka mbwa wa kila kijiji wanajua nakuja. Nimelinyoosha kwa jiwe na bado natembea nalo.

Waambie watu wa msikitini kwamba dada yako yu mzima na anapika mwenyewe.

Mdogo wako,
Mardhiya


Bagamoyo, 24 Julai 1955

Kwa Mardhiya,

Salamu nyingi. Natumai mguu umepoa. Mina anakuletea mafuta ya nazi ya kupaka, yamo katika chupa ndogo.

Usidhani nimekubaliana nawe. Ila dada wa Bwanaheri hawezi kuonekana njiani na debe lililokatwa kwa panga. Hilo ni tusi kwangu mimi, si kwa serikali. Tena tangu barua yako ifike Mina ananipakulia chakula na kwenda zake, hasemi nami.

Jiko limo ndani ya gunia. Sikutumia bati la debe, ni jembamba, umekwisha kuona. Wala sikutumia bati la kuezekea, maana lile limepakwa zinki, likipata moto mkali linatoa moshi mbaya kifuani. Nimekata bamba la pipa la chuma, si jepesi sana lakini halitainama. Kuta nne na kitako. Kuta tatu zimeshikana kwa bawaba, ya nne unaichomeka kwa pini. Pini ni spoki za baiskeli. Nimekufungia na za akiba kwa uzi, maana najua utazipoteza.

Sasa sikiliza. Mdomo wa jiko uelekeze unakotoka upepo ukiwa mdogo; ukiwa mkali uupe mgongo, la sivyo moto utatoka nje kukutafuta. Usitie gogo. Tia vijiti vya unene wa kidole, vichache, na uvisukume vinavyoungua. Majivu uyatoe mara kwa mara, jiko linapumulia chini. Na ukimaliza usilikunje likiwa la moto. Lingoje lipoe. Ukilikunja la moto bawaba zitapinda, na mimi sipo huko kukunyooshea.

Tena urudi upesi.

Kaka yako,
Bwanaheri


Ng'ambo ya Ruvu, 15 Septemba 1955

Kwa kaka yangu mpenzi,

Shikamoo kaka, shikamoo tena. Mimi ni mzima kabisa. Mguu umepona. Jiko lako ndilo ninalotaka kukueleza, basi tafuta mahali ukae.

Nimo katika kijiji ambacho sitakitaja, maana barua nyingine hufunguliwa. Nilipofika, jumbe wa hapa alikwishapata habari zangu. Akampigisha mtu mbiu mbele yangu: mwanamke huyu asipewe chakula, asipewe maji, asipewe moto wala pa kulala. Watu wakaingia ndani wakafunga milango. Nikaona haya kidogo, kaka, kusimama peke yangu kama mwizi. Kisha hasira ikanipanda. Nikaenda kando ya barabara, penye kibanda kibovu cha wauza muhogo kisicho na mwenyewe, nikalifungua jiko.

Mvua ilikuwa imenyesha, kuni zote mbichi. Nikapasua vijiti nikatumia mioyo yake mikavu, na makumbi niliyokuja nayo. Katika mafiga moto usingewaka. Humu kuta zilishika joto, zile kuni mbichi zikawa zinakauka zenyewe zikingoja zamu yao. Maji nikachota mtoni mwenyewe. Nikapika chai ya tangawizi, na harufu ikaenda ikapita milango yote iliyofungwa.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili akaja kikongwe mmoja mjane, Bi Mwaija, na kikombe chake mkononi. Akakaa chini bila kukaribishwa.

Nikamwambia, "Bibi, umesikia mbiu?"

"Nimesikia. Imesema tusikupe. Mimi sikukupa kitu. Wewe utanipa chai."

Nikamtilia. Akanywa taratibu, watu wakimtazama kupitia nyufa. Alipomaliza akasema kwa sauti ya kusikika, "Haina sukari ya kutosha, lakini haijaniua."

Kesho yake walikuja watano, kila mmoja na kikombe chake. Kesho kutwa sufuria haikutosha, nikawa napika mara mbili, mara tatu. Wakija hupita njiani wakiokota vijiti, na wakikaa huviacha pale walipokaa. Nani atasema wamenipa? Tunazungumza kazi ya barabara wanayofanyishwa waume zao bila malipo, na mazao yanayochukuliwa. Kadi wanazifunga katika pindo la kanga.

Leo mchana jumbe mwenyewe amekuja. Akaniuliza, "Nani kakupa moto?"

"Kiberiti changu."

"Na kuni?"

"Zimeanguka mitini."

"Na hicho ni kitu gani?"

"Ni jiko, jumbe. Karibu chai."

Wanawake wakainamisha nyuso, lakini niliona mabega yakitikisika. Jumbe akaondoka. Najua atarudi na watu. Mimi siondoki.

Mdogo wako,
Mardhiya


Bagamoyo, 11 Desemba 1955

Kwa dada yangu Mardhiya, popote ulipo,

Salamu. Sijui kama barua hii itakufika. Nampa Haji, na Haji atampa mtu, na huyo mtu atauliza.

Muda mrefu hatujapata neno lako. Halafu Jumatatu iliyopita alikuja karani na askari mmoja karakanani, wateja wamejaa. Askari akaweka juu ya meza yangu ya kufulia bati kitu kilichokanyagwa. Nilikitazama nikakijua kabla hakijatulia. Ni jiko lako, Mardhiya, na walikuwa wamelipiga nyundo. Bamba limebonyea lakini halikupasuka.

Karani akasema, "Fundi, hii ni kazi ya nani?"

Nilijua ningeweza kusema sijui. Mafundi bati wako wengi pwani hii. Lakini nikamwona anavyolishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa jaani, na nikawaza aliyelikanyaga alikuwa amesimama wapi, na wewe ulikuwa umesimama wapi.

Nikamwambia, "Bamba ni langu. Pindo ni langu. Na aliyelibeba ni dada yangu, tumezaliwa tumbo moja. Yuko wapi?"

Karani akasema kazi za ofisi nisizingoje tena. Nikamwambia achukue basi na zile ndoo alizoleta, sijazigusa, na jiko aliache maana lina mwenyewe. Aliliacha.

Usiku ule Mina alisema nami. Alisema maneno machache, lakini nayaweka kwangu.

Nimelinyoosha jiko lako. Na sasa natengeneza mengine, nje barazani, kila apitaye anaona. Amekuja Mwanaharusi wa mtaa wa pili akitaka la kwake, amekuja mwingine simjui. Kama u hai niandikie hata neno moja. Kama u kifungoni mwambie atakayekuandikia asiogope kulitaja jina langu.

Kaka yako,
Bwanaheri


Ng'ambo ya Ruvu, 9 Januari 1956

Kwa kaka yangu Bwanaheri,

Shikamoo kaka. Ni hai, ni mzima, nimekonda kidogo. Barua yako nimeikuta kwa Bi Mwaija, imeshikwa na mikono mingi hata wino umefifia.

Walinichukua siku mbili baada ya ile barua yangu. Kosa langu liliandikwa kwamba nimewasha moto kando ya barabara bila kibali. Waliniuliza nani kafua jiko, nikawaambia nimezaliwa nimelikuta. Kumbe mkono wako wanaujua. Hakimu akanifunga. Kifungoni nilisaga mahindi na kufua nguo. Si kazi ngeni kwangu.

Ila jambo ninalotaka ulijue ni la siku ya hukumu. Wanawake wa kijiji walikuja kwa miguu, wamekaa nje chini kwenye jua, kila mmoja na kikombe kitupu mbele yake. Hawakuimba wala kupiga kelele. Hakimu alitoka akawatazama, akaingia ndani kwa mlango mwingine.

Nilipofunguliwa nimerudi papa hapa. Nilidhani nitakaa tena kibandani. Bi Mwaija alinikuta njiani akaninyang'anya kikapu.

"Leo unalala kwangu na unakula kwangu," alisema. "Akija jumbe, atoze. Mbuzi ninao wawili, na wote wana pembe."

Amenipikia mchana kweupe mlango wazi. Jumbe amepita. Hajatoza kitu mpaka leo.

Basi jiko langu usiniletee. Mpe Mwanaharusi, nasikia anataka kwenda Mkange, na huko bado milango imefungwa. Mfundishe habari ya upepo kama ulivyonifundisha. Nasikitika kwa kazi yako, kaka. Najua ulivyoipenda.

Mdogo wako,
Mardhiya


Fukayosi, 3 Februari 1956

Kwa mdogo wangu mpenzi Mardhiya,

Marahaba, na mimi nakuamkia vilevile. Natumai u mzima pamoja na Bi Mwaija, ambaye utamsalimu sana kwa heshima yote. Mina anakusalimu, yupo hapa nami, anasuka mkeka na kuzozana na wauza kuku.

Utashangaa kuona barua inatoka Fukayosi. Mwenye jengo alitaka karakana yake, alisema ameambiwa na wakubwa wa ofisi. Sikubishana. Nilifunga mkasi wa bati, nyundo na chuma cha lehemu katika magunia, nikavuka mto. Mtu wa makamo yangu, sikuwahi kuja huku kwa miguu. Kumbe kila nyumba ina ndoo inayovuja, na hakuna fundi. Naziba ndoo mchana kutwa, watu wanakaa kungojea, na wakikaa wanauliza, na wakiuliza nawajibu. Majiko ninayo sita, yamekunjwa. Wenyewe wameanza kujitokeza.

Jana asubuhi alikuja tarishi wa serikali, kijana mrefu ana fimbo, akasema nimetakiwa kuondoka hapa mara moja. Nilikuwa na ndoo mapajani, lehemu ndiyo kwanza imeyeyuka. Nikamwambia angoje, lehemu haijashika, nikiitikisa sasa itaharibika na ndoo ni ya watu.

Alisimama. Jua likampiga. Mwishowe akakaa kwenye mkeka wa Mina.

Nikaimaliza ile ndoo, nikatia maji kuijaribu, haikuvuja. Nikavuta nyingine.

Kaka yako,
Bwanaheri