Kidole ya Mwisho

Nakivale, tarehe 9 mwezi wa sita 1986

Yaya Wabiwa, dada yangu mukubwa,

Jambo mingi. Mugongo inaendelea namna gani? Na shemeji, na batoto? Siye tuko. Maharagi tulivuna kidogo. Barua yako ilifika. Uliuliza kama nimepata mwanamuke mwingine tangu mama Mauwa alikufa. Hapana. Nimepata gitaa. Usicheke.

Kila juma ninapanda gari ku Rwekubo, ninafanya siku mbili mu Mbarara. Ninabeba matofali kwa fundi wa kushona, Isa, anajenga nyumba mu Nyamityobora. Zamani alipiga mu orkestra. Aliniona naangalia gitaa yake, akaniambia nikae. Sasa Jumamosi nikimaliza kazi ananifundisha. Alinipa gitaa ya zamani nizoeze vidole nyumbani.

Akor za kawaida, nyuzi zikilia pamoja, nilishika mbio. Sasa tuko ku akor ya tisa. Ile haupigi nyuzi zote mara moja. Unaziachia moja moja: do, mi, si ya kushusha, kisha juu kabisa re. Re njo ya tisa. Kidole ya mwisho ya mukono wa kushoto njo inaikamata. Unapanda, unashuka, pole pole, kila moja isikike. Asubui ninafanya mara makumi tano. Mauwa anakaa ku mulango ananihesabia: moja, tatu, saba, tisa. Kisha anasema, baba, ya mwisho imekufa tena.

Kweli, re hailie. Inafanya tss tu. Isa alisema kidole yangu ni mvivu, nikaze. Nikakaza. Akasema Bakongo banazaliwa na gitaa mu mukono, mimi pengine nilizaliwa na sururu. Muke wake Jalia akacheka, na mimi nikacheka. Nikakaza tena. Njo Isa akaacha kucheka. Aliniuliza kama sioni. Waya ilikuwa imekata kidole, damu imeshuka ku shingo ya gitaa. Jalia alileta kitambaa, akasema huyu ni mwanaume kweli, hasikii maumivu.

Yaya, njo ile. Sikusikia maumivu. Sikusikia kitu.

Nyumbani nikaangalia muzuri. Ku mukono ule ule, chini ya kiwiko, kuna fasi ngozi imekuwa nyeupe. Nilizani ni chokaa ya kazi. Nikaweka kaa ya moto. Nilisikia arufu ya nywele kuungua. Moto sikusikia. Ku jembe, ku matofali, ile kidole sikuiuliza kitu. Gitaa njo iliiuliza.

Naogopa. Nimeacha kula na Mauwa mu sahani moja. Aliuliza amekosa nini. Nilimuambia bakubwa banakula peke yabo. Alibeba sahani yake ku mulango.

Unajua nafikiri nini. Mjomba Wilondja na ukoma yake. Wewe ulimupelekea chakula mu kanyumba ka nyuma. Kuna kitu sijakuambia hata siku moja. Bale batoto balimutupia mawe siku alishuka ku muto, mimi nilikuwa kati yabo. Jiwe ya ku kichwa ilikuwa yangu. Aliniona. Hakunisema kwa mama. Najua batu banafanya nini, sababu mimi nilifanya.

Sasa usinifiche. Vidole vyake vilianza hivi? Na wewe, ulikula naye sahani moja, ao ulimuachia ku mulango? Niandikie hiyo kwanza. Kama ulikula naye na uko muzima, nitamuita Mauwa ku sahani.

Ijumaa, Isa akienda ku musikiti, nitaenda hospitali ya Mbarara. Hajui. Bakinishika kule, Mauwa atakuwa kwa mama Medius, jirani yetu. Kuja umuchukue. Sababu yake usimuambie mutu.

Salimia shemeji na batoto. Mauwa anakusalimia sana.

Ni mimi ndugu yako mudogo, Asukulu. Naandika na mukono wa kuume. Ule uko muzima.