Kalibu ya Mwili Mzima

Kwa Dada Ragnfrid, mwenye kichwa kigumu kuliko vichwa vyote vilivyozaliwa nyumba hii,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, ingawa mmoja una grisi. Ukiona alama ya dole pembeni ya karatasi, usinune. Hujambo huko Tromsø? Samaki hawajakuchosha? Huku Rendalen sote wazima. Mama anakusalimu sana na anauliza unakula nini. Mbwa Kvikk amenenepa, sasa anapanda ngazi kwa awamu. Baba goti linamsumbua, ila mdomo haujambo kabisa. Na mimi, kama unavyonijua, nazidi kupendeza. Wasichana wa kiwanda cha mbao wananipisha njia, nadhani ni kwa heshima.

Utajiuliza kwa nini barua. Ni kwa sababu nikikupigia simu, nikitaja tu neno baba, unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao, kwa hiyo leo utanisikiliza.

Habari kubwa: nimenunua bunduki! Yangu mwenyewe, kwa mshahara wangu, milimita sita na nusu kama ya baba na kama yako. Bado iko dukani inasubiri kibali, lakini mtu mwenye akili hujitayarisha mapema, kwa hiyo nikaamua kujifunza kujaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa kabla haijafika. Mashine ya mkono ya baba ipo kule chumba cha chini, baruti ipo, maganda yapo ndoo nzima. Kilichobaki ni kuchagua kalibu ya kuyabana yarudi saizi yake. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Mahubiri ya baba unayajua, tuliyanyonya pamoja na maziwa. Ganda likipigwa linavimba na kushika umbo la chemba ya bunduki iliyolipiga, kama kiatu kinavyoshika mguu wa mwenyewe. Ukitumia kalibu ya shingo, unabana shingo tu ili ikamate kichwa kipya cha risasi, mwili unauacha ulivyo. Ganda linadumu, shabaha inanyooka, ila litaingia bunduki ile ile tu. Ukitumia kalibu ya mwili mzima unalibana lote, na linaingia bunduki yoyote ya saizi hiyo. Nilipomwomba ushauri, baba alisema kalibu ya mwili mzima ni ya watu wanaoazimana risasi kama chumvi, na kwamba yeye aitumie? Afadhali awinde kwa manati.

Hayo aliyasema kibandani, pale uwanja wa shabaha, tukiwa tunakula vikeki vya vafeli na jibini ya kahawia. Halstein, ambaye bado ndiye kiongozi wa kikosi chetu cha wawindaji, akamwambia, "Oddleif, wewe hata ukifa utataka jeneza lililobanwa shingoni tu." Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Baba akamjibu kwamba yeye Halstein anapiga vibaya hadi elgi, kulungu wakubwa namna ile, wamemzoea, wakimwona wanasimama wapigwe picha. Na mimi, kwa kuwa nimejaliwa kipaji cha kuchokoza, nikasema nitanunua ya mwili mzima. Baba akaniuliza nilikosea wapi kulelewa.

Halafu Halstein akaacha kucheka, akataja jina lako. Alisema Jumapili ijayo anagawa vituo vya kuvizia vya msimu huu. Usipotoa neno, kituo chako cha kijitoni kitakwenda kwa mkwewe, yule wa Oslo mwenye bunduki ya bei ya trekta na asiyejua kunyamaza msituni. Sote tukamtazama baba. Baba akatazama vafeli yake. Akasema kituo ni cha kikosi, si cha mtu, akatoka nje kwenda kubandika karatasi ya shabaha ambayo ilikuwa imeshabandikwa.

Sina haja ya kukukumbusha mlivyoachana wewe na baba. Yule dume mwenye pembe pana kama mabeleshi alisimama juu ya ukingo, nyuma yake mbingu tupu, nawe ukaacha kupiga kwa sababu hukujua risasi ingeangukia wapi. Baba akatangaza mbele ya kikosi kizima kwamba uliganda kwa woga. Ukaapa hutaingia msituni naye mpaka aseme samahani. Vuli mbili zimepita, samahani haijasemwa, na mimi nimelishwa ukimya wa watu wawili kama mboga.

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita nilipanga kumwaibisha baba hadharani. Hoja yangu ilikuwa safi: bunduki yake ikiharibika msituni, risasi zake zote zinageuka mapambo, maana hakuna bunduki nyingine itakayozimeza. Nilihitaji bunduki nyingine ya saizi ile niwaoneshe watu, na iliyokuwepo ni yako, kabatini. Ndiyo, niliichukua. Piga kelele sasa, mimi nangoja. Tena aliyenifungulia kabati ni Mama, na alinifungulia upesi mno, ningekuwa na akili kama ninavyojisifu ningeshtuka.

Pale uwanjani nikawaita wote, nikaelekeza bunduki kwenye tuta, nikachukua risasi kutoka kwenye boksi la baba mwenyewe, nikapaza sauti ya mnadani: "Njooni muone komeo la bunduki linavyokataa!" Baba akasema, "Eskil, acha upuuzi, rudisha hiyo." Nikadhani anaogopa kushindwa. Nikasukuma komeo.

Dada, lilifunga laini kama mlango wa friji.

Nikaitoa, nikaweka nyingine. Ikaingia. Nyingine, ikaingia. Boksi zima! Nilisimama pale kama mchuuzi wa visu ambaye kisu chake kimeshindwa na nyanya. Wakaanza kunizomea. Nikatia mikono mfukoni kwa aibu, na mfukoni, maana nilikuwa nimevaa koti kuukuu la baba la kuwindia, nikagusa risasi moja imesahauliwa. Koti hilo hajalivaa tangu vuli ile ya ugomvi wenu. Nikaijaribu. Komeo likafika nusu ya njia, likagoma katakata.

Pale hakuna asiyejua maana yake. Ile ya zamani ilibanwa shingo tu, na bunduki yako imeikataa. Hizi mpya zimebanwa mwili mzima. Halstein akamgeukia baba, akamwuliza polepole, "Oddleif, umeanza lini kuazimana chumvi?" Masikio ya baba yakawa mekundu kuliko ghala letu. Akasema eti kalibu ya shingo ilimpotea. Haijapotea! Iko rafuni, nimeikuta imevaa vumbi kama kofia.

Ukweli nilipewa na Mama jioni, akiwa anamenya viazi. Krismasi ile ya kwanza ulipokosa kuja, baba alinunua kalibu ya mwili mzima, akaificha ndani ya buti. Unajua kalibu hiyo hairekebishwi kwa macho: unaikaza kidogo, unabana ganda, unalijaribu kwenye bunduki, unaikaza tena kidogo, mpaka lipite bila kubisha. Bunduki aliyokuwa akijaribia ni yako. Mama alimkuta kule chini ameipakata, anafungua komeo na kulifunga, na baba akamwambia anaipaka mafuta isiote kutu. Tangu hapo kila risasi ya nyumba hii, hata zake mwenyewe, imebanwa iingie kwako, ili siku utakaporudi uchukue boksi lolote bila kumwomba mtu. Baba huyu huyu, mtume wa shingo!

Ile samahani, dada, hutaisikia. Mdomo wake haukutengenezewa neno hilo, na mimi nimechoka kulisubiri kwa niaba yako. Lakini ameacha dini yake kwa ajili yako, halafu akakubali kuchekwa na Halstein. Wewe pima mwenyewe.

Na langu nalo nilitoe, nipumue. Nimeshamwambia Halstein kwamba unakuja. Sikukuuliza kwa sababu ungekataa. Mkwe wa Oslo amepewa kazi ya kubeba chupa ya kahawa. Ukitaka kunifanya mwongo mbele ya kikosi, piga simu kabla ya Jumapili, na habari za mtandao mbaya sizitaki.

Nisalimie wote unaofanya nao kazi, hasa yule Jorunn uliyenitumia picha yake kwa bahati mbaya. Mama anasema uje na soksi nzito. Kvikk angekusalimu, ila amelala juu ya mguu wangu.

Ni mimi mdogo wako, hodari wa mambo mengi,
Eskil

Tena: Baba amepita hapa sasa hivi, akaona jina lako juu ya karatasi. Akasimama, akajikuna goti. Nikamwuliza kama nikupe salamu zake. Akashika ngazi, kisha akageuka katikati. Amesema nikuandikie kwamba ukipiga, maganda usiyaache msituni. Uyalete nyumbani, anayahitaji.