Kikwembe ya Mama Dorine ku meeting

Graciella!! Mama Dorine alifanya nini leo ku meeting, mbele ya bantu ba Kasungami muzima!

Député yetu, ule mubunge, anapiga makelele: "Gauche, chama ya kushoto, njo iliuwa inchi! Mamine ya shaba inafunga, courant ya umeme haiko! Muangalie Italie, muangalie Argentine, bantu balichoka, balivotia droite, ya kuume!"

Mama Dorine iko ku kiti ya mbele. Amevaa kikwembe yenye yule député alitugabulia ku kampeni. Ile ya wakati yeye mwenyewe alikuwa gauche! Na sura ya député mwenyewe, kubwa, ku matako!

KU MATAKO, Graciella.

Protocole, kijana wa kupanga bantu ku biti, anakuya mbio: "Mama, enda ubadirishe."

Eti abadirishe! Akasimama. "Mutoto wangu iko Angleterre, kwa Baingereza. Kule balichoka na droite, balivotia gauche. Basi kule ni bantu ba kuvota banabadirisha upande. Huku ni député njo anabadirisha, shiye tunabakia na robinet bila maji. Kikwembe yangu haikubadirika. Nitoke juu ya nini?"

Député akakunja makaratasi yake.

Mama akageuka polepole, bantu bote baone ile sura vizuri. Kisha akaikalia.

Kesho député anarudia meeting. Bamama bote banafungua mavalise ya nguo, banatafuta ile kikwembe. Ya kwako ungali nayo?