Mjomba Lugendo, Bima Imelipa

Mjomba,

Shikamoo. Kuna habari ambayo nimeshawasimulia watu wote wa mlimani, na bado imenikaa kifuani kwa sababu wewe hujaisikia. Bima imelipa. Ile bima ya kabichi na karoti waliyokucheka kwayo kilabuni na nje ya kanisa, ile ambayo hata mimi, nisamehe, niliiita sadaka ya wapumbavu, imelipa. Tena imelipa kwa jina lako.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana uliondoka mapema na mengi yametokea bila wewe.

Siku ya kumaliza matanga yako, wazee wa lukolo, ukoo wetu wa upande wa kina mama, walinikalisha mkekani mbele za watu. Wakanivika koti lako la kijivu, wakatangaza kwamba kuanzia siku ile Fideli hayupo, mimi ni Lugendo. Nilijua siku hiyo ingekuja. Jina hili limepita kwa wajomba na wapwa tangu kabla ya misheni, na wewe mwenyewe ulilipokea kwa mjomba wako ungali kijana. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuvaa ni kingine. Koti lilinuka moshi na tumbaku yako, na mikono yake ilinifunika mpaka vidoleni. Nililia, Mjomba. Mama, dada yako, alinifinya mgongoni akaninong'oneza nikae vizuri watu wananitazama.

Halafu wanao wakaja kunisalimu. Deo, mwanao mkubwa, mwenye mvi na wajukuu, alinipa mkono akaniita Baba. Deo huyo huyo aliyenizaba kofi nilipokuwa darasa la tatu kwa kumpotezea panga. Nilimshika mkono muda mrefu kupita kiasi.

Wiki chache baadaye kimbunga kikazuka baharini. Tulikisikia redioni, wakisema watu wa pwani wachukue tahadhari. Sisi wa Mgeta tukacheka. Bahari yenyewe wengi wetu tumeiona kwenye kalenda. Kwamba kimbunga kikifika nchi kavu kinageuka mvua ya kumwaga, hilo hakuna aliyetuambia, au labda walituambia na sisi tukawa tunatafuta stesheni ya mpira. Ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Asubuhi ya tatu, tukinywa uji, mlima ulinguruma juu ya shamba lako la mteremkoni. Nilidhani ni lori. Nilipotoka nje, matuta ya juu yalikuwa yanashuka polepole na kabichi zake zikiwa zimesimama vilevile. Kisha yakashuka kwa kasi, na sikuona tena kabichi.

Hakufa mtu, Mungu ni mwema. Lakini matuta yote ya ngazi uliyochonga miaka na miaka yalikwenda mtoni. Kaya kumi na moja ulizozigawia vipande pale hazikubakiwa na hata mche wa liki, kile kitunguu cha majani. Nyumba yako ilianguka ukuta wa nyuma. Mama Deo, mjane wako, alitoka na vitu viwili tu, kuku mmoja na kitabu chako cha sala. Na ndani ya kitabu, kwenye kurasa za litania, ndimo ulimokunja hati ya bima. Mpaka leo sijui kama uliiweka kwa ajili ya usalama au ili iombewe.

Msaada ulikuja, sitasema uongo. Kamati ya maafa ilileta unga, maharage, mablanketi na maturubai, na mtendaji wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba akiandika majina, amelowa chapachapa. Tulishukuru. Lakini unga unaliwa ukaisha. Sisi tulihitaji mbegu, mbolea na nguvu za watu za kuchonga matuta upya kabla ya vuli. Kama tusingewahi, mvua za vuli zingekuta mlima uko wazi na kuumalizia. Ardhi aliyokukabidhi mjomba wako ingekuwa imefia mikononi mwangu, mwaka wangu wa kwanza. Mama Tekla, aliyelima kipande cha chini kwa miaka yote hiyo, alishaanza kufunga mizigo ashuke mjini akagonge kokoto. Tumaini lote lilikuwa kwenye karatasi yako, maana ulikuwa umeukatia bima mteremko mzima, kwa niaba ya wote, kwa jina moja. Kosmas Lugendo.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu.

Nilivaa koti lako nikateremka Morogoro mjini. Ofisi ya bima ina dada mmoja mpole, Neema, mgeni kutoka Kanda ya Ziwa. Akaniuliza jina. Nikasema Lugendo. Akatazama kompyuta, akauliza, "Kosmas Lugendo?" Nikasema ndimi. Usinicheke. Tangu siku ile ya mkeka nilikuwa nimemwitikia kila mtu hivyo, na kusema Fideli kungekuwa kama kukutupa njiani. Neema akaomba kitambulisho. Kitambulisho kinasema Fidelis Paulo. Akaomba bahasha yenye nyaraka, na Mama alikuwa ameijaza kila karatasi aliyoiona nyumbani, pamoja na cheti chako cha kifo. Neema akakisoma, akaninyanyulia macho taratibu. "Kwa hiyo mzee, umefariki?"

Nikamjibu, na Mungu ni shahidi, "Nimefariki, lakini nipo."

Akamwita bosi wake. Bosi hakuwa na muda wa mila za mtu. Akasema kujifanya marehemu ni kosa la jinai, faili linasimamishwa, na nishukuru sijapelekwa kituoni. Wewe ulikuwa ukiniambia, "Fideli, ofisini usibishane, kaa kwenye benchi mpaka wakuchoke." Mimi nilibishana. Nilipiga meza. Nilimwambia yule bosi maneno ambayo sitayaandika kwenye barua ya marehemu. Mlinzi alinitoa nje amenishika mkono wa koti lako, na watu wa barabarani wakasimama kutazama.

Nilirudi mlimani nikawaambia ukweli. Mama Tekla akasema, "Basi tumekwisha," akaingia ndani. Nililitundika koti msumarini, na wiki mbili nzima sikuligusa. Nilijiona nimeliharibu jina lako hata kabla halijanizoea. Katika siku zote tangu ufe, zile ndizo zilizoniuma zaidi, kuliko hata siku ya kaburi.

Kilichonirudisha mjini si ujasiri. Ni aibu ya kupishana na Mama Tekla kisimani. Nilishuka na shati la kawaida, nikasema naitwa Fidelis, nikaenda kukaa kwenye benchi. Siku ya kwanza hawakuniuliza kitu. Siku ya pili mlinzi alinisalimia. Siku ya tatu Neema alitoka akakaa pembeni yangu na chupa ya maji, akasema, "Kaka, nusu nakuamini. Nusu nyingine niletee karatasi." Akanieleza kwa upole. Ukoo ukae kikao, uandike muhtasari, niende Mahakama ya Mwanzo nikaombe kuwa msimamizi wa mirathi. Mahakama itabandika tangazo, na mwenye pingamizi atajitokeza. Akaniuliza una watoto wangapi. Nikasema saba. Akatikisa kichwa akaniambia nijiandae vizuri, maana kwa uzoefu wake watoto saba hawaachi shamba la baba yao liende kwa binamu.

Kikao kilikaa. Katibu wetu aliandika "Lugendo amemrithi Lugendo", tukamrudisha aandike upya. Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa mahakama, kati ya kesi ya ng'ombe na talaka ya watu nisiowajua. Nikahesabu siku.

Siku yenyewe niliingia mahakamani nikamkuta Neema ameketi nyuma. Alisema ana shughuli jirani, sikumwamini. Mara mlango ukafunguka wakaingia wanao. Wote saba, Mjomba. Deo ameomba ruhusa kazini kwake Mzinga. Anna ametoka Gairo na kuacha karanga zake zikiwa zimeanikwa. Beatus amefunga kibanda chake cha chipsi pale Mikese, na wewe unajua Beatus hafungi kibanda hata Ijumaa Kuu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba anakuja. Walijipanga kwenye mabenchi bila kutabasamu, na nilimwona Neema akifumba macho.

Hakimu akasoma tangazo, akasema wenye pingamizi wasimame. Hakusimama mtu. Akawatazama wale saba, akauliza wao wamefuata nini. Deo akasimama, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, sisi ni watoto wa marehemu. Shamba lile siyo letu. Sisi ni wa ukoo wa mama yetu, na huko tuna ardhi yetu. Lile ni la ukoo wa baba, na aliyekaa mahali pa baba ni huyu. Tumekuja wote ili isije ikasemwa baadaye kwamba tulinyamaza."

Hakimu akaninyooshea kalamu. "Na huyu, wewe unamwitaje?"

"Namwita Baba."

Watu wakacheka, maana Deo ana mvi na mimi ndevu zangu zinahesabika. Deo hakucheka. Hakimu naye hakucheka. Akasema amekaa kwenye kiti kile akaamua ndugu wa tumbo moja wakigombea mbuzi, lakini watu kutoka Gairo na Mikese kuja kukataa mali, hilo ni mara yake ya kwanza kuliona. Akagonga muhuri. Niliinamisha kichwa nikalia kwa sauti mbele ya mahakama nzima. Anna akaja akaniwekea kitenge chake begani. Ungekuwepo ungesema tunatia aibu, halafu ungelia kuliko sisi.

Basi faili likafunguliwa, ila bado kulikuwa na mtathmini, mtu wa bima wa kukagua hasara. Alipanda huku na viatu vya mjini, akasimama ukingoni akatuambia kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha kimbunga kilipiga pwani, siyo Morogoro. Mara hii sikubishana. Nilimpisha Mama Tekla. Mama Tekla akamwambia, "Njoo baba, nikuonyeshe kabichi zangu," akamshika mkono akashuka naye mpaka kilipokuwa kipande chake. Yule bwana akazama kwenye tope mpaka magotini. Tulimvuta watu wanne, na kiatu kimoja kilibaki humo hadi leo. Akiwa amekaa kwenye jiwe akijifuta, alianza kuandika bila kuuliza swali lingine.

Neema ndiye aliyenipigia simu. Alisema, "Baba Lugendo, hongera, imepita." Hakuna aliyemfundisha kuniita hivyo. Nilipiga kelele iliyosikika mpaka ng'ambo ya bonde, na watu wakaacha majembe wakaja mbio wakidhani kuna msiba mwingine. Tulicheza pale pale kwenye tope. Mama, na magoti yake yale, alicheza.

Tumechonga matuta yote. Kaya zote kumi na moja zilitoka, na wanao walikuja Jumamosi mfululizo, Mama Deo akipika togwa kwa ndoo. Mfereji wa juu wa kukinga maji nimeufanya upana mara mbili ya ule wako, samahani, lakini ule wako ulikuwa mwembamba na wewe ulijua. Ukuta wa nyumba umesimama. Mvua za vuli zimeanza juzi, mvua kubwa. Nilisimama kwenye tuta la juu nikiwa nimelowa, nikayatazama maji yakifika kwenye mfereji, yakigeuka, yakienda nilikoyatuma. Mlima haukusogea. Mama Tekla amepanda liki mpaka kwenye kingo, kama ulivyokuwa ukimkataza.

Na waliokucheka sasa wanapanga foleni kwa wakala kukata bima. Mzee Alois, aliyekuwa mkubwa wao, anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyekushauri. Nimemwacha aseme.

Mjomba, bado nakutafuta. Nikiona tuta limekaa vizuri nageuka nikuonyeshe. Jioni nikipita kwako namsikia Mama Deo anaongea peke yake jikoni, najua anaongea na nani, na siingii mpaka amalize. Furaha hii yote ina shimo katikati lenye umbo lako, na hakuna bima ya hilo.

Nakuahidi mambo mawili. Kipande cha kila kaya kitabaki cha kaya ile nikiwa hai, hata wakinikasirisha. Na jina hili sitalitumia tena kufungulia mlango kwa papara. Kama ni kusubiri nitasubiri, mpaka wanichoke.

Pumzika sasa. Huku wote wananiita Lugendo, hata mtendaji, hata Neema, na mimi naitika. Lakini barua hii natia sahihi kwa jina langu la zamani, kwa sababu kwako wewe sijawahi kuwa Lugendo. Kwangu mimi Lugendo ni wewe.

Mpwa wako,
Fideli